UZI: Wageni wangu waliovaa nyeusi Tarangire, na jinsi muziki na filamu za wagothi zilivyoniingia nikiwa Arusha

#1 Dereva wa Vumbi

Wakuu, habari za humu. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na zile za Freemason. Huu ni wa muziki na filamu za wagothi, wale watu wa mavazi meusi na muziki wa giza. Ni mrefu, mwenye chai aisogeze.

Mimi ni dereva wa watalii, makazi Sakina. Miaka kadhaa nyuma, mwezi wa saba, nilitumwa KIA usiku kupokea wageni wawili wa kutoka Leipzig, Ujerumani, mtu na mkewe. Nimesimama na kikaratasi changu cha majina, mara wanatokea. Nyeusi tii kuanzia shingoni hadi kwenye buti. Mama kajipaka wanja mpaka karibu na masikio, midomo rangi ya zambarau iliyoiva. Baba ana pete za mafuvu karibu kila kidole. Nikajisemea moyoni, haya, leo nimepewa wachawi. Njiani tukapiga stori: mama ni muuguzi wa wazee, baba ni fundi umeme. Watu wa kawaida kabisa, wanalalamikia kodi kama sisi.

Sasa kila dereva anajua kwamba Tarangire huendi na nyeusi wala bluu. Mbung'o wanazifuata rangi hizo, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Nikawaeleza vizuri. Wakaitikia kwa kichwa. Asubuhi wametoka nyeusi vilevile. Siku ile tuliumwa, na sisemi waliumwa, maana mbung'o akishaingia kwenye Landkruza haulizi nani kamwita. Baba wa mafuvu alikuwa anajipiga makofi mwenyewe hadi tulipofika getini.

Kesho yake tukaelekea Mto wa Mbu. Ukishapita Makuyuni mnawajua wale vijana wa Kimasai waliotoka jando, sipolio, wanavaa nyeusi mwili mzima na nyuso wamezichora nyeupe. Husimama kando ya barabara, mtalii akitaka picha analipa. Nikapaki, wageni wakashuka. Upande huu Wajerumani wawili wenye nguo nyeusi na poda nyeupe usoni, upande ule vijana watatu wenye nguo nyeusi na michoro myeupe usoni, wote wanatazamana kimya. Kijana mmoja akanigeukia: "Hawa nao wametahiriwa lini?" Nilicheka mpaka nikaegemea bampa. Mwisho wake ni wale vijana waliotoa simu na kuwapiga wageni picha. Bure.

Jioni mama akaomba waya wa redio. Wimbo ukaanza na vijiti vya ngoma peke yake, tik-tika-tik, vinagonga ukingoni. Halafu besi, noti chache zinateremka kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Gitaa lilikuwa linakwaruzwa tu, na kila mkwaruzo unarudi na mwangwi wake. Nikangoja mtu aimbe. Nikangoja. Karibu dakika tatu nzima ndipo mwanaume akaingia kwa sauti nzito kutangaza kwamba Bela Lugosi amefariki. Nikauliza kwa upole, "Poleni. Alikuwa ndugu yenu?"

Walicheka mpaka wanja ukatiririka. Lugosi alikuwa mwigizaji wa Kihungaria aliyecheza Dracula, yule mnyonya damu, kwenye filamu ya 1931, na alipofariki 1956 alizikwa na joho lake la Dracula. Waimbaji ni bendi ya Bauhaus ya Northampton, Uingereza. Waliurekodi Januari 1979, bendi ikiwa na umri wa wiki chache tu, ukatoka Agosti mwaka huohuo. Unapita dakika tisa. Wengi wanauhesabu kuwa ndio wimbo wa kwanza wa kigothi.

Ninachotaka kusema ni kimoja tu. Watu wanauanzia ugothi kwenye nguo, wanaishia kuogopa. Mlango wake ni masikio. Mimi sijawahi kupaka wanja, ila tangu siku ile nikiendesha gari tupu usiku kutoka Karatu, nikiwa na ukungu wa kule juu, muziki unaonifaa ni huu.

Naendelea baadaye, kuna gari la kuosha.

#2 Jirani wa Mnara wa Saa

Nimeweka kigoda. "Wametahiriwa lini" imeniua 😂😂

#3 Mtumishi wa Njiro

Ndugu mleta mada, bila shaka unaandika kwa nia njema, lakini mafuvu, majoho ya wanyonya damu, midomo myeusi, hivyo vyote tunajua vinatoka wapi. Vijana wanaanza na muziki, wanaishia kwenye maagano. Nakushauri kwa upendo.

#4 Chalii wa Ngarenaro

Arifu, sisi machalii wa Chuga tumekulia hip hop, X Plastaz, Nako 2 Nako, hayo mengine tulikuwa tunayaita "rock ya wazungu" tunapita. Swali: hao wagothi ndio wale emo wa nywele kufunika jicho moja? Na metali je? Naonaga picha za jamaa wa Botswana wamevaa ngozi nyeusi na kofia za kaubei, hao nao gothi?

#5 Dereva wa Vumbi

Chalii, hao wa Botswana ni watu wa metali nzito, na wanapendeza kweli. Metali inakuja na gitaa mbele, kasi na ngurumo. Kwenye gothi besi ndiyo inaongoza na gitaa linazungukazunguka nyuma kama moshi. Sikiliza Joy Division wa Manchester, albamu yao ya 1979. Mpiga besi Peter Hook alikuwa anapiga noti za juu kabisa kwa sababu gitaa la mwenzake lilikuwa na kelele, asingejisikia. Shida ya spika ikazaa mtindo. Emo ni mjukuu wa panki (ule muziki wa rock wa kasi na hasira) ya Marekani, ukoo mwingine. Wanakutana msibani tu.

Wagothi nao ni watoto wa panki, ila ya Uingereza. Panki ilipoanza kuchoka mwishoni mwa miaka ya 1970, baadhi walipunguza hasira wakaongeza giza. Siouxsie and the Banshees wa London, The Cure wa Crawley, The Sisters of Mercy wa Leeds. Hawa wa mwisho hawakuwa na mpiga ngoma, walikuwa na mashine, wakaipa jina kabisa: Doktor Avalanche. Mashine ina udaktari, mimi bado nadaiwa ada ya diploma. Mwaka 1982 ikafunguliwa klabu ya Batcave mtaa wa Soho, London, vijana wakaanza kujuana kwa sura.

Cha kuchekesha, ukimwambia Robert Smith wa The Cure au Andrew Eldritch wa Sisters kwamba wao ni wagothi, wanakataa katakata. Wazazi wote wamemkana mtoto, na mtoto anafanana nao pua na kidevu.

Mtumishi, nakujibu kwa heshima. Jina lenyewe ni la kabila. Wagothi walikuwa watu wa Kijerumani walioiteka na kuipora Roma mwaka 410. Karne nyingi baadaye Waitaliano wakatumia jina hilo kutukana ujenzi wa makanisa wa zama za kati, kama kusema "hii ni ya kishenzi". Makanisa hayo ndiyo yale yenye matao yaliyochongoka juu. Ukienda Dar, pale karibu na kivuko, kanisa la Mtakatifu Yosefu lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, ule ni mtindo wa kigothi. Kwa hiyo jina hili limekaa kanisani miaka mingi kabla ya kufika kwenye buti za mtu.

Halafu hao wageni wangu kila mwaka wana tamasha lao Leipzig, linaitwa Wave-Gotik-Treffen, lilianza 1992, watu kama elfu ishirini. Linafanyika lini? Sikukuu ya Pentekoste. 😄

#6 Mtumishi wa Njiro

Hiyo ya Pentekoste umeniweza. Lakini bado.

#7 Binti Kihamba

Nawasoma kutoka Moshi, Rau. Mnanichekesha mnavyoogopa makaburi. Sisi kwetu Uru babu amezikwa migombani, hatua ishirini toka jikoni. Bibi kazikwa pembeni yake, masale yamepandwa juu. Mwezi wa kumi na mbili tukipanda nyumbani wote, watoto wanacheza palepale, wajomba wanakunywa mbege palepale, wanammwagia na mzee kidogo. Nikiwa mdogo nilikuwa nasomea kwenye kaburi la babu kwa sababu saruji ilikuwa na ubaridi mzuri.

Baadaye nikiwa chuo naona picha za wagothi wa Ulaya wamekaa makaburini na vitabu, watu wanasema "mashetani". Nikajiuliza, mbona huyo ni mimi darasa la tano?

Mleta mada, lete filamu. Muziki umeeleweka.

#8 Dabu ya Unga Ltd

Muziki haujaeleweka bado, dada. Nimeutafuta huo wimbo wa dakika tisa sasa hivi. Hiyo mikwaruzo inayojirudia, hiyo mwangwi inayoondoka na kurudi, ni dabu kavu. Jamaika tupu! Mtu yeyote aliyekaa maskani ya rasta hapa Arusha anaijua hiyo mbinu: unatoa sauti ya mwimbaji, unaiacha besi na ngoma, unamwaga mwangwi. Hao vijana walikuwa wanasikiliza rege, nabisha na mtu.

#9 Dereva wa Vumbi

Hubishi na mtu mkuu, ni kweli, na wenyewe Bauhaus wamelisema hilo. Miaka ile Uingereza panki na rege walikuwa jirani. Ndiyo maana nasema anzeni na masikio. Mtu wa Unga Ltd ameisikia Jamaika ndani ya wimbo wa mnyonya damu, mwenye kutazama nguo asingeisikia.

Haya, filamu. Kwanza niwaambie, wengi wenu mmeshaona filamu ya kigothi bila kujua. Ile *The Crow* ya 1994, ya jamaa anayefufuka na uso mweupe kulipiza kisasi. Sisi kwenye vibanda umiza tuliiita "ya mtoto wa Bruce Lee" tukaenda tukitegemea mateke. Brandon Lee alifariki Machi 1993 wakiwa wanaipiga hiyohiyo filamu, kwa risasi ya bastola ambayo ilitakiwa iwe ya kuigizia tu. Alikuwa na miaka 28. The Cure waliandika wimbo maalumu kwa ajili ya filamu hiyo. Tazama tena ukiwa mtu mzima: mvua haikatiki, mji mzima ni usiku, na kijana anamlilia mchumba wake. Ni filamu ya matanga yenye bastola.

Ukitaka kwenda kwenye mizizi, rudi Ujerumani baada ya vita vya kwanza. *Caligari* ya 1920, mandhari yote ni mbao na vitambaa vilivyochorwa, nyumba zimepinda, milango imeinama, hata vivuli vimepakwa rangi ukutani. Ukiitazama dakika kumi unahisi wewe ndiye umelewa. Baada yake *Nosferatu* ya 1922, ya mwongozaji Murnau. Walichukua hadithi ya *Dracula* ya Bram Stoker, kitabu cha 1897, wakabadilisha majina bila kuomba ruhusa. Mjane wa Stoker akashtaki, mahakama ikaamuru nakala ziteketezwe. Nakala chache zikanusurika, ndizo tunazotazama. Filamu yenyewe ya mtu asiyekufa nayo ikakataa kufa, mnielewe.

Na hili la mnyonya damu kuunguzwa na jua, mnalolijua wote, limetoka kwenye filamu hiyo. Kwenye kitabu Dracula anatembea mchana kama mtu wa benki.

Nyongeza ya haraka kwa watu wa Arusha. *Frankenstein* ya Mary Shelley, ya 1818, ilianza kuandikwa mwaka 1816, kiangazi ambacho Ulaya haikuona jua. Sababu: mlima wa volkano, Tambora, kule Indonesia, ulilipuka 1815, majivu yakafunika anga. Akina Shelley walikuwa Uswisi, mvua haiishi, wakafungiwa ndani wakaanza kushindana kutunga hadithi za kutisha. Nikiwa Sakina asubuhi ya mwezi wa saba, Meru haionekani, ukungu umeshuka mpaka barabarani, ninaamini kabisa kwamba mlima unaweza kumwandikisha mtu kitabu.

#10 Mzee wa Kaloleni

Vijana, mnaongea kana kwamba mnyonya damu ni mgeni wa kutoka Ulaya. Mmesahau mumiani?

Nikiwa mtoto tulikatazwa kabisa kupita karibu na gari la zimamoto jioni. Ilisemwa kwamba kabla ya uhuru wazungu walikuwa na watu wa kukamata Waafrika usiku, wanawanyonya damu, wanakwenda kutengenezea dawa. Nairobi, Dar, kote ilisemwa, na mahali pengi waliotuhumiwa ni wazimamoto haohao, maana wana gari jekundu na mipira mirefu. Chinjachinja, mumiani, majina yalikuwa mengi. Mama yangu mpaka anafariki hakupenda kuchangia damu hospitali.

Kwa hiyo huyo wenu mwenye joho ni mumiani wa tabaka la juu.

#11 Dereva wa Vumbi

Shikamoo mzee. Umeniandikia sehemu bora ya uzi wangu mwenyewe. Tena tofauti ni kubwa ukiifikiria: mnyonya damu wao ni bwana mkubwa wa ngome, anayeogopwa na kutamaniwa. Wetu ni mwajiriwa wa serikali mwenye sare, na hakuna binti aliyewahi kumtamani.

#12 Binti Kihamba

"Mwajiriwa wa serikali mwenye sare" 😭😭😭

#13 Jirani wa Mnara wa Saa

Na za Bongo zipo, tusijisahau. *Nsyuka* na *Shumileta* za Mussa Banzi zilitutoa usingizi mtaa mzima. Tulikuwa tunakwenda chooni kwa kusindikizana.

#14 Mtumishi wa Njiro

Nimesoma yote, nakiri nimejifunza. Lakini niseme kilichonileta kwenye uzi huu. Nina mtoto wa dada yangu, miaka kumi na tisa, ameanza kuvaa hivi baada ya kuona ile tamthilia ya Netflix, *Wednesday*, ya binti wa nywele za mikia miwili. Kucha nyeusi, koti refu, joto la Januari. Kwaya moja, siitaji, imemsimamisha. Mama yake halali. Nimwambie nini?

#15 Dereva wa Vumbi

Mtumishi, sasa tumeongea.

Mimi sina mtoto wa umri huo, lakini nikwambie nililoambiwa na yule mama muuguzi. Nilimuuliza kwa nini nyeusi. Alisema kazini anafunga macho ya wazee waliofariki, karibu kila wiki, halafu anatakiwa atoke nje atabasamu na avae maua. Wikiendi anavaa anachokihisi. Sikuwa na la kujibu, nikaendelea kuendesha.

Kingine, usidhani kwao wanachekewa. Agosti 2007, mji mdogo wa Bacup, Uingereza, binti anaitwa Sophie Lancaster, miaka 20, alipigwa na kundi la vijana bustanini yeye na mpenzi wake kwa sababu tu ya walivyovaa. Alifariki karibu wiki mbili baadaye. Mwaka 2013 polisi wa Manchester Kubwa wakaanza kuandikisha mashambulizi ya namna hiyo kwenye kundi moja na yale ya chuki za rangi na dini. Kwa hiyo kabla ya kumwuliza mpwa wako anaabudu nini, mwulize kama kuna mtu anamsumbua mtaani. Hilo la kwanza.

La pili, mwulize anasikiliza nini. Kama jibu ni ule wimbo mmoja wa kwenye tamthilia, basi ni fasheni, itapita na joto la Februari. Kama akikutajia albamu ya The Cure ya 1989 na akakueleza kwa nini wimbo unaanza na dakika nzima ya kinanda bila maneno, basi huyo ana sikio, mrudisheni kwaya haraka kabla hajachukuliwa na kwaya nyingine.

#16 Mtumishi wa Njiro

Nitamwuliza leo hii.

#17 Chalii wa Ngarenaro

Mimi mnaniacha kwenye nguo arifu. Hayo makoti yanapatikana wapi, maana nyeusi inanikaa.

#18 Binti Kihamba

Moshi, soko la Memorial, siku marobota yanafunguliwa. Makoti marefu ya wazungu waliofariki yamejaa, wenye mitumba wanayauza bei ya kutupa kwa sababu nani anavaa koti la sufu Moshi? Buti utapata pia. Wanja wa kawaida wa duka la Mpemba unatosha. Kama huna hela kabisa, kaniki.

#19 Mtumishi wa Njiro

Mrejesho. Nimemwuliza. Amenieleza habari za kinanda kwa dakika arobaini. Chakula kimepoa.

#20 Dereva wa Vumbi

😂😂 Mtumishi, poleni na hongereni.

Nami nina mrejesho. Jumatatu iliyopita nilimshawishi jamaa mwenye kibanda umiza kule Sombetini, siku ambayo hakuna mpira, tuonyeshe *Nosferatu*. Ni ya zamani mno, ipo mtandaoni bure. Jamaa akaita na yule kijana wake wa kutafsiri. Kijana akashika maiki, filamu ikaanza, dakika mbili akanigeukia: "Bro, nitafsiri nini sasa? Hawasemi!" Nikamwambia sema unachokiona.

Akasema. Mjue kwenye filamu ile kijana Hutter anatumwa ngomeni kwenda kumuuzia bwana Orlok nyumba. Kijana wa maiki akatangaza, "Huyu ni dalali." Banda zima likaguna. Kila mtu akaelewa papo hapo shida imeanzia wapi. Orlok akapewa jina la Mzee Mumiani. Panya walipomwagika kutoka kwenye meli na tauni yao, mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Dalali hajaonyesha choo!" Halafu ikafika ile sehemu ya kivuli kinapanda ngazi, vidole virefu ukutani. Kijana akashusha maiki. Hakuna aliyesema neno, hata wale waliokuja kungoja mpira ambao haukuwepo. Ulisikika mlio wa jenereta tu.

Jumatatu ijayo tunaweka *Caligari*, saa mbili usiku.

#21 Mzee wa Kaloleni

Kiingilio?

#22 Dereva wa Vumbi

Mia tano, mzee wewe bure. Nyeusi sio lazima. Bluu pia ruksa, Sombetini hakuna mbung'o.